Tupeane uzoefu: mliofanya kazi kwenye umeme, sola au mkaa huku kanda ya kati, nini kilikuokoa?

Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma, nafanya laini za msongo wa kati, kilovolti 33, kwa makandarasi. Tangu Serikali ihamie huku nguzo hazishikiki, kila kiwanja kipya kinataka umeme. Ukitoka nje ya mji unakutana na minara ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga. Kazi ipo, na vijana wanaingia kila siku.

Habari za kofia ngumu na buti tuziache, kila saiti zimeandikwa getini. Nataka tuzungumzie ile dakika moja kabla hujagusa kitu. Ulijuaje kuwa ni salama, au ulimwamini nani?

Naanza. Tulikuwa upande wa Bahi, nguzo imeangushwa na upepo. Laini imekatwa, kibali cha kazi tunacho, kituoni wamethibitisha kwa simu. Kijana kashavaa mkanda anataka kupanda. Msimamizi wetu, mzee mmoja mkaidi ambaye tulikuwa tunamcheka kwa taratibu zake, akasema hapandi mtu mpaka apime mwenyewe. Akanyanyua kijiti cha kupimia, kikalia. Kimya kikatanda pale chini.

Umeme ulikuwa unatoka kwa mteja. Kuna mtu aliwasha jenereta bila kutenganisha nyumba yake na laini. Wengi hawajui kwamba transfoma inayoshusha 33,000 kuwa 400 haichagui upande: ukiilisha kutoka chini, inapandisha. Kwa hiyo jenereta ya dukani inakuletea msongo mkubwa juu ya nguzo, wakati wewe una karatasi mkononi inayosema laini imekufa.

Tukafungua fyuzi za transfoma, tukapima tena, tukafunga ethi, yaani waya za kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili za sehemu ya kazi, ndipo kijana akapanda. Mzee alisema neno moja tu, "Simu haipimi umeme," akaenda zake kutafuta kivuli. Karibuni.

Kishoka Mstaafu: Mkuu, hiyo jenereta naijua bila kuiona. Mteja anakwambia chenjiova, swichi ya kuhama kati ya umeme wa laini na jenereta, ni ghali, anataka umtengenezee waya wenye plagi pande zote mbili, achomeke kwenye soketi ya ukutani maisha yaendelee. Kwanza waya huo ukichomoka upande mmoja, meno ya plagi yako wazi na yana umeme, mtoto akishika ndiyo basi. Pili ndiyo hayo ya mleta mada. Mimi nilikuwa nakataa, lakini mtaa wa pili anapata wa kumfungia. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa leseni za mafundi, ila nani anamwomba fundi leseni huku mtaani? Tunauliza bei tu.

Binti wa Ihumwa: Niongezee upande wa sola, maana watu wanaichukulia kama toi. Kuzima inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa kawaida, hakuzimi paneli. Jua likiwepo, waya zinazotoka juu ya bati zina umeme, utake usitake. Mifumo mikubwa tunayofunga mashuleni paneli zinaungwa mfululizo, volti zinafika mamia. Na ni umeme mnyoofu, yaani DC. Huu wa kawaida, wa hezi 50, unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche inapata nafasi ya kuzimika. Wa sola haupiti sifuri kabisa: ukichomoa kiungio wakati mzigo unavuta, cheche inanyooka na kubaki hapo ikikuunguza. Zima swichi ya upande wa paneli kwanza, pima, ndipo uchomoe. Na juani msifanye ushujaa, bati la Dodoma saa saba mchana linatosha kukuangusha bila shoti. Sisi tunapanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tano tumeshuka.

Mtu wa Mtera: Nimekulia jirani na bwawa. Kile kituo ni megawati 80, mitambo miwili, kipo chini ya ardhi tangu 1988, kwa hiyo huku kwetu kazi ya umeme ni kazi ya maji. Mimi nilikuwa kibarua kwenye kituo kingine, sikitaji. Jambo nililolipenda: kabla ya kuingia njia ya maji, lango linafungwa na kila mtu anaweka kufuli lake, ufunguo mfukoni mwake. Mkiwa kumi, makufuli kumi. Bosi hawezi kufungua maji kwa haraka zake kama wewe hujatoka.

Wa Chemba: Mnaongelea umeme, lakini jioni nyote mnapikia mkaa wetu. Sisi tunapanda juu ya tanuri linawaka ili kuziba nyufa kwa udongo. Chini magogo yameshaliwa na moto, juu panaonekana pagumu, unazama mpaka magotini kwenye makaa. Tunagonga kwanza kwa mti mrefu, na hakuna kupanda peke yako usiku. Halafu ile hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Kaka yangu alilala karibu na tanuri sababu ya baridi ya Juni, tukamkuta hajitambui, tukamvuta hadi upande upepo unakotoka. Alipona. Sasa niambieni, fidia yangu iko wapi?

Mleta mada: Mkuu wa Chemba, swali lako zito. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini lazima awepo mwajiri. Anayejichomea mwenyewe yuko nje, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa. Ila kama kuna tajiri anayekulipa kwa gunia, msimwachie ajiite mteja. Nendeni OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, au ofisi ya kazi mkaulize kabla mtu hajaumia.

Deiwaka wa Nzuguni: Naomba kuuliza, glavu za mpira nimerithi kwa jamaa aliyeacha kazi. Nitajuaje kama bado nzima?

Mleta mada: Ikunje kuanzia kwenye tundu la kuingizia mkono ili hewa ijae vidoleni, ibane, isogeze sikioni usikilize. Ikivuja hata kidogo, ikate kwa mkasi asije mwingine akairithi. Isipovuja, bado inatakiwa ipimwe kwa mashine kwa vipindi, na huyo jamaa hakukwambia ilipimwa lini. Mwambie mkandarasi wako akupe mpya, ni wajibu wake.

Deiwaka wa Nzuguni: Nimejaribu sasa hivi. Ya kushoto inavuja.