Mrejesho: Binti yangu na shule binafsi ya bweni

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa nane niliwauliza kama nijibane nimpeleke binti yangu kidato cha kwanza shule binafsi ya bweni, au nisubiri apangiwe ya serikali, ambako ada ilifutwa tangu 2016.

Usaili alifanya, Hisabati na Kiingereza, akapita. Nilifurahi mpaka nilipokabidhiwa fomu ya kujiunga. Ada milioni 2.6 kwa awamu nne, hiyo nilijua. Nisichojua ni mkia wake: tranka, godoro, fedha ya tahadhari, rimu za karatasi, na sare zinazouzwa palepale shuleni tu. Nikapiga hesabu ndani ya daladala, ikagonga milioni 3 na ushee. Nikapitiliza kituo.

Aliyenishauri niulize wastani wa kuvuka darasa, Mungu akubariki. Mwalimu alizunguka weee, mwisho akasema asiyefikisha 50 "anatafutiwa utaratibu". Yaani anahamishwa, matokeo ya kidato cha nne yabaki yanang'aa! Kumbe ndiyo maana bango lao limejaa daraja la kwanza.

Tukiwa njiani kurudi binti akaniuliza, "Baba, nikifeli watanirudisha na godoro langu?" Nilicheka, ila usiku sikulala.

Amepangiwa sekondari ya kata, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Anaenda hapohapo. Sehemu ya ile hela italipa masomo ya ziada ya Hisabati na Fizikia. Mama yake bado amenuna.