Padri mlezi, mchungaji na imamu wa chuo: kwenye vyuo vyenu wanatambulika vipi?

wadeni_bweni_B
Habari za muda huu wakuu. Mi ni wadeni (msimamizi wa bweni) kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Tanzania, jina naliacha. Tuko kwenye kamati ya kuandika upya mwongozo wa huduma za wanafunzi, nikapendekeza padri mlezi, mchungaji na imamu waandikwe humo rasmi pamoja na washauri nasaha na zahanati, wajumbe wawili wakagoma kabisa, wanasema chuo ni cha umma na serikali haina dini, mjadala ukafungwa.

Sasa mi ninayoyaona bwenini ni haya. Binti anafiwa na baba yake katikati ya UE (mitihani ya mwisho wa semesta), wa kwanza kupigiwa simu ni mlezi wake wa TMCS (wanafunzi Wakatoliki) au USCF (wanafunzi wa makanisa ya Kiprotestanti), au imamu wa msikiti wa chuo, sio ofisi ya mshauri wa wanafunzi (dean). Mwanafunzi akifariki, anayekaa na wenzake wa chumbani na kuongea na wazazi hadi mwili unasafirishwa ni hao hao. Bumu (pesa ya mkopo) likichelewa watoto wanakuja kwangu sina kitu, nawaelekeza kwa mchungaji na mara nyingi wanarudi wamepata hata unga. Washauri nasaha ni wachache na jioni ofisi imefungwa, wakati matatizo ya bweni yanaanza saa nne usiku. Halafu kwenye mahafali tunawaita wafungue kwa sala, mahafali yakiisha hawana hata kitambulisho cha getini, padri anazuiwa na mlinzi usiku na aliyemwita ni mimi. Inaniuma sana hii.

Huko kwenu wanatambulika vipi, nani anawalipa, na hiyo hoja ya serikali kutokuwa na dini mnaijibuje?

sheria_mwaka_wa_nne
Dada, waambie wajumbe waisome ibara ya 19 ya Katiba yote, wasiishie kwenye kipande kimoja. Inasema kuabudu na kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu, halafu inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa mtazamo wangu maana yake chuo kisichague padri, kisimpangie imamu hotuba ya Ijumaa, na mshahara pia kiachane nao. Ila kumpa mtu kitambulisho, chumba cha kuongea na wanafunzi na namba yake kubandikwa ubaoni, hapo chuo kinaendesha dini gani? Padri anatumwa na jimbo, mchungaji wa USCF anatoka kwenye makanisa ya CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania), kwa hiyo chuo kiandikiane makubaliano na hao wanaomtuma, wao wabaki na mtu wao na malipo yake, chuo kiweke masharti ya kufanya kazi ndani ya eneo lake. Kumtambua mtu sio kumwajiri, ukiyatenganisha hayo mawili kwenye rasimu nadhani hata hao wawili watalegeza.

wa_Thika_Road
Hapa Kenya Katiba ya 2010 ibara ya 8 inasema wazi hakuna dini ya taifa, na bado jeshi letu lina makasisi wa Kikatoliki, wa Kiprotestanti na maimamu, na hakuna mtu anasema jeshi limekuwa la kanisa. Kwa vyuo pia, Kenyatta University wana kanisa la Wakatoliki, la Waprotestanti na msikiti ndani ya kampasi, na UoN (Chuo Kikuu cha Nairobi) kuna St. Paul's ya Wakatoliki hapo kando ya main campus. Uganda pia, pale Makerere utakuta St. Francis ya Waanglikana, St. Augustine ya Wakatoliki na msikiti, zote kwa mlima mmoja.

Lakini kitu kilinibadilisha mimi ni shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine walivamiwa wakiwa kwa maombi ya alfajiri. Wengi waliopona walihamishiwa Moi University kule Eldoret. Mtoto ametoka kwa kitu kama hicho, amesikia mwenzake akiulizwa dini yake kabla ya kupigwa risasi, swali analobeba sio la saikolojia peke yake, anataka kujua Mungu alikuwa wapi. Nani kwa ofisi ya dean atajibu hiyo? Mshauri nasaha atafanya sehemu yake na lazima awepo, lakini hilo swali lina wenyewe.

binti_pangani
Assalam aleikum na habari zenu. Nakubaliana na wadeni ila naomba msikimbie. Chuo nilichosoma mimi padri alikuwa na ofisi na nyumba, imamu wetu alikuwa mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa tatu, anaswalisha, anatoa hotuba, anasuluhisha kesi za watu, na yeye ana supu mbili (mitihani ya kurudia) anazisomea. Mkiandika "atatambuliwa aliyepo" mtakuwa mmeandika kwamba aliyejipanga zamani aendelee kufaidi. Sisi Waislamu hatuna jimbo la kututumia mtu kama Wakatoliki, kwa hiyo mwongozo useme ni nani anamteua na awe mtu mzima aliyemaliza masomo.

La pili, mkimtambua imamu mtambueni na ustadha, yaani mwalimu wa dini wa kike. Kuna mambo ya mimba, ya kubakwa, ya ndoa za siri, binti wa Kiislamu hawezi kwenda kumweleza mwanamume usiku na wala hatakiwi akae naye peke yake. Tulikuwa na mama mmoja mwalimu anatusikiliza nyumbani kwake kwa kujitolea tu, hakuna karatasi ya chuo yenye jina lake, na mabinti aliowazuia wasiache chuo nawafahamu.

La tatu naomba lisipite hivi hivi. Mtu anasikia sauti, halali, anaambiwa ni mapepo au majini, anafungishwa kula au anasomewa dua wiki nzima na hospitali hapelekwi. Nimeona kwa Wakristo na kwetu pia. Atakayetambuliwa asaini kwamba akiona dalili hizo anampeleka zahanati siku hiyo hiyo, dua ziendelee pembeni, dawa hazizuii dua.

nesi_wa_zamu
Nasisitiza hilo la mwisho la binti_pangani. Nafanya kazi zahanati ya chuo, wagonjwa wa namna hiyo wengi tunaletewa wamechelewa, lakini pia waliowahi kabisa walishikwa mkono na mchungaji akaja nao mwenyewe, na kwa sababu yeye ndo kawaambia "meza dawa" wakameza. Mimi ningesema masaa matatu wasingenisikia.

Kingine, msiweke kipengele cha wao kuleta ripoti ya majina ofisini. Padri hawezi kutoa siri ya kitubio hata kwa makamu mkuu wa chuo, na wanafunzi wakihisi tu kwamba habari zinafika kwa mshauri wa wanafunzi hakuna atakayeenda tena. Waleteni mafunzo ya rufaa, sisi wa zahanati tutafundisha.

niko_boston
Nawapa ya huku Marekani kwa haraka. Harvard wana chaplaini zaidi ya 40 wa dini na madhehebu tofauti, wengi wanaletwa na jumuiya zao, na wenyewe wana umoja wao wenye rais. Mwaka 2021 walimchagua Greg Epstein kuwa rais, na huyo ni mhumanisti, haamini Mungu. Sisemi muige hilo, ila umoja wao unaweza kuwasaidia, badala ya chuo kuvutana na kila dhehebu kinaongea na meza moja, na vikundi vingine vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, Wasabato na CASFETA nao wanapata kiti.

wadeni_bweni_B
Asanteni sana, kamati inakaa Alhamisi. Napeleka makubaliano na wanaowatuma, kitambulisho cha saa 24 chenye picha, ustadha kwa jina lake kabisa, umoja wao wenye mwakilishi mmoja kwenye kamati yetu, na sharti la rufaa bila ripoti ya majina. La posho siligusi kwa sasa maana nikilitaja tu wataangusha yote. @nesi_wa_zamu kama mnayo fomu ya rufaa isiyo na sehemu ya dini naiomba inbox, ya kwetu kitu cha pili inachouliza ni dhehebu.

nesi_wa_zamu
Ipo, ukurasa mmoja tu. Nakutumia leo nikitoka zamu.