MREJESHO: Joto na sare ya polisi, nimepona nusu

Wakuu, mimi ndiye yule askari wa Mtwara niliyelalamika Desemba kwamba jua la saa saba barabarani linaniumiza kichwa na vipele vya joto vimejaa mgongoni. Asanteni sana kwa ushauri mlionipa.

Kilichonisaidia zaidi ni maji. Zamani nilisubiri kiu, nikagugumia chupa nzima kwa mkupuo. Sasa nakunywa kikombe kila baada ya dakika 20, na siku ya jasho jingi nakoroga pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita 1 ya maji. Kichwa kimetulia kabisa. (Dafu nalo tamu, ila mfuko!) Fulana ya pamba ndani ya shati niliidharau, kumbe inanyonya jasho. Nabeba na ya pili, nabadilisha mchana. Vipele vimepungua, havijaisha.

Kitambaa chenye maji shingoni kiligonga mwamba: afande alinitazama mara moja tu, nikakitia mfukoni. Nakitumia nikipumzika chini ya mwembe. Buti bado ni tanuri, hapo sijapata dawa.

Dada uliyenishauri niombe zamu ya asubuhi, nimeomba. Nimeambiwa nisubiri.