Mjadala: Je, vyuo vya Tabora na Kigoma vigawane dhamana ya kutunza majarida ya zamani ya karatasi?

Mleta hoja (mkutubi, Tabora)

Ndugu wasomaji, nawaletea hoja ambayo sisi tunaofanya kazi maktabani tumekuwa tukiizungumza pembeni, huku maamuzi yenyewe yakipitishwa kimyakimya. Majarida ya kitaaluma yaliyochapishwa kwenye karatasi yanaondolewa rafuni, chuo kimoja baada ya kingine, kwa sababu nafasi ni finyu, wanafunzi wameongezeka, na viongozi wengi wanaamini kwamba kila kilichomo humo kinapatikana mtandaoni. Chuo kinachoondoa hakimuulizi jirani kama naye anayo nakala. Jirani, akidhani kwamba yule wa kwanza bado anaitunza, anaondoa ya kwake baadaye. Hakuna aliyekusudia kuipoteza, lakini imepotea. Nimewahi kununua vitumbua sokoni vikiwa vimefungwa kwa ukurasa wa jarida la sayansi, na jedwali lake la vipimo vya mvua lilikuwa bado linasomeka vizuri.

Ninachopendekeza ni kwamba vyuo na taasisi za utafiti za mikoa hii miwili zikubaliane kwa maandishi. Kila moja ichukue majina machache ya majarida, iyatunze kwa niaba ya wote, na isiyaondoe kabla ya kuwapa wenzake nafasi ya kuyachukua. Majarida yasiyo katika dhamana yake iwe huru kuyaondoa. Wengi hawatarajii mkutubi aseme hivyo, lakini bila uhuru huo hakuna mkuu wa chuo atakayeweka saini, wala mimi sitamlaumu.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1949 vyuo vikuu 10 vya eneo la kati la Marekani viliungana kuanzisha kituo kimoja Chicago cha kuhifadhi machapisho ambayo kila kimoja kiliyahitaji mara chache tu, na kituo hicho kinafanya kazi hadi leo. Uingereza nayo ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 2007: kabla chuo hakijaondoa jarida, ilihakikishwa kwamba nakala tatu zinabaki nchini, moja katika Maktaba ya Uingereza na mbili katika maktaba za vyuo wanachama. Kwa njia hiyo walilenga kuachia takriban kilomita 100 za rafu. Walipata nafasi kwa sababu walijua nani ametunza nini.

Sisi tuna sababu ya ziada ambayo wao hawakuwa nayo kwa kiwango chetu, nayo ni mapengo. Katalogi inasema jarida fulani lipo kuanzia 1968 hadi 1979. Ukifika rafuni unakuta juzuu la 1972 halipo, na la 1975 lina matoleo matatu badala ya manne. Juzuu la 1977 kwa nje ni zima, mgongo umesimama na maandishi ya dhahabu yanasomeka, lakini ukilivuta linakuja jepesi mkononi, kwa kuwa mchwa walipita ukutani, wakaingia kwa nyuma na kula karatasi zote wakaacha jalada. Mfululizo wangu wenye mapengo na wa jirani wenye mapengo tofauti, ukiunganishwa, unaweza kutoa mfululizo mmoja kamili ambao hakuna hata mmoja wetu anao leo. Kila mmoja akitupa kivyake, nafasi hiyo haitarudi.

Mhadhiri, Kigoma

Dada mkutubi, nimekusoma kwa makini, na ninaheshimu uchungu ulio nao kwa kazi yako, lakini sikubaliani nawe.

Mpango wa Uingereza ulisimama juu ya maktaba ya taifa yenye maghala, wataalamu na fedha za serikali. Ukiuondoa mhimili huo, kilichobaki ni ahadi za vyuo. Sisi huku tunao mhimili wetu: Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo kwa sheria ya mwaka 1975 wachapishaji wanapaswa kuiwasilishia nakala za machapisho yao, na maktaba kubwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 2018. Kazi ya kuhifadhi ni ya hao. Chuo kidogo cha mkoani kazi yake ni kufundisha, na mwanafunzi anayesoma amesimama kwa kukosa kiti ana haki kubwa kuliko juzuu ambalo halijafunguliwa tangu likabidhiwe.

Pia tuseme ukweli kuhusu mazingira. Huku kwetu unyevu ni mwingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi maji yakaingia katika majengo ya ufukweni. Kuvipa vyuo vya namna hii dhamana ya nakala za mwisho ni kuziweka hatarini huku tukijipongeza kwamba tumezihifadhi. Majarida mengi wanafunzi wangu wanayasoma kwenye simu, na mipango ya kimataifa kama Research4Life imevifungulia vyuo vyetu maelfu ya majarida ambayo hatukuwahi kuyaona hata kwenye karatasi. Fedha kidogo tuliyonayo iende kwenye intaneti na umeme.

Mtafiti wa kilimo, Tabora

Mwalimu wa Kigoma, niruhusu nipinge mambo mawili.

Kwanza, sheria unayoitaja inahusu kinachochapishwa hapa nchini. Sehemu kubwa ya sayansi iliyofanywa katika ardhi yetu haikuchapishwa hapa. Chukua *East African Agricultural Journal*, lililoanza mwaka 1935 na ambalo tangu mwaka 1960 jina lake lilihusisha pia misitu. Lilichapwa Nairobi, ingawa taarifa zake zinahusu mashamba na misitu ya nchi zote za Afrika Mashariki. Hakuna mchapishaji aliyelazimika kulileta Dar es Salaam kwa mujibu wa sheria hiyo. Nakala zilizopo hapa nchini zilikuja kwa kununuliwa, kwa kubadilishana, au ndani ya maboksi ya watumishi waliostaafu, na zimetawanyika katika vituo vya utafiti na vyuo vya kilimo ambako hazijaorodheshwa popote.

Pili, hilo la kusoma kwenye simu. Nilikuwa natafuta makala ya zamani kuhusu udongo wa ukanda wa miombo, kwa sababu wakulima wa Urambo wananiuliza maswali ambayo yalikwisha kuulizwa tangu Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947. Makala niliipata mtandaoni, lakini ramani iliyokunjwa mwishoni ilikuwa imeskaniwa ikiwa bado imekunjwa, kwa hiyo niliona robo ya ramani na kivuli cha mkunjo. Rangi zilizotofautisha aina za udongo zilikuwa zimegeuka kijivu, zote zikafanana. Maneno yote yalikuwepo, lakini kile nilichokitafuta hakikuwepo. Nilikipata kwenye nakala ya karatasi, ndani ya stoo, chini ya magunia ya mbegu.

Kuhusu mipango ya kimataifa, naitumia na ninaishukuru. Hata hivyo, haki ya kusoma inayopimwa kwa hali ya uchumi wa nchi na kwa ridhaa ya mchapishaji si mali ya maktaba. Siku vigezo vikibadilika mlango unafungwa, na maktaba iliyokwisha kutupa karatasi zake haina pa kurudi.

Mtunza kumbukumbu, Tabora

Mimi naunga mkono wazo, ila nina hofu na utekelezaji wake. Sisi watu wa masijala tumezoea kuona makubaliano mazuri yakifa siku bosi aliyeyasaini anapohamishwa. Tena tusisahau historia yetu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi za utafiti za pamoja zilibaki katika nchi zilikokuwa, na wengine tukabaki na kile kilichokuwa mkononi. Wakati wote kabla ya hapo kila mmoja aliamini kwamba vitu vya pamoja ni vyake.

Kwa hiyo ahadi iwe na muda unaotajwa. Mipango kadhaa ya Marekani inafunga dhamana kwa miaka 25, ili mkuu wa chuo ajue anasaini nini na mrithi wake ajue amerithi nini. Dhamana iandikwe pia ndani ya juzuu lenyewe kwa muhuri, iwekwe kwenye katalogi, na iingizwe kwenye daftari la mali za taasisi. Majarida ya chuo cha serikali ni mali ya umma, hayawezi kuhamishiwa chuo cha dini au cha binafsi kwa mapatano ya wakutubi wawili, hata kama nia yao ni njema. Kulimaliza hilo mapema ni muhimu kuliko kubishana juu ya rafu, kwa sababu mkaguzi akija hatauliza habari za elimu, atauliza kibali.

Mwanafunzi, Kigoma

Shikamooni. Naomba kuuliza jambo moja. Jarida ninalolihitaji likiwa limewekwa Tabora, mimi niliyeko Kigoma nitalisomaje? Nauli ya kwenda na kurudi sina, na tasnifu ina tarehe ya mwisho.

Mleta hoja

Marahaba, mwanangu. Hutasafiri. Chuo chenye dhamana kinalazimika kuskani makala unayoiomba na kukutumia, ramani ikiwa imekunjuliwa, na ikibidi juzuu lenyewe litumwe kwa basi kwenda kwenye maktaba ya chuo chako, ulisomee hapo. Bila kipengele hicho kutunza kunageuka kuficha, na mimi mwenyewe nisingeukubali mpango wa namna hiyo.

Mwalimu, narudi kwako, kwa sababu hoja zako ndizo nzito kuliko zote.

Kuhusu kuiachia Dar es Salaam, nakuomba ukumbuke Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye miteremko ya mlima ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza ukumbi wa Maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya machapisho yao ya Taaluma za Afrika. Maji ya kuzimia moto yalishuka hadi ghorofa za chini ya ardhi na kulowesha nyaraka ambazo moto haukuzifikia. Chuo kile kina uwezo, kina wataalamu, na kilikuwa na mkusanyiko unaojulikana kote barani. Hatari unayoitaja ya ziwa na unyevu ni ya kweli kabisa, nami siipuuzi, lakini kila mahali pana hatari yake, na dawa yake ni kuwa na nakala katika miji ambayo haiwezi kupatwa na janga moja kwa siku moja. Kigoma ikiwa na unyevu, basi Tabora, iliyo juu na yenye kiangazi kirefu, ibebe mzigo mkubwa zaidi wa karatasi, na Kigoma ibebe majarida machache yanayohusu ziwa na uvuvi, ambayo watafiti wa huko wanayahitaji mkononi.

Kuhusu viti vya wanafunzi, naona tumekaribiana kuliko inavyoonekana. Majarida makubwa ya Ulaya na Marekani, yanayotunzwa na maktaba nyingi duniani na yaliyokwisha kuwekwa katika hifadhi ya mtandaoni kama JSTOR, iliyoanza mwaka 1995, sioni sababu ya sisi kuyang'ang'ania. Yaondoke, viti viingie. Ninayoyapigania ni machache: majarida ya Afrika Mashariki ya kilimo, tiba, misitu na historia; *Tanganyika Notes and Records* lililoanza mwaka 1936 na kubadilishwa jina baada ya Muungano; *Kiswahili* na *Mulika* za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; na yale majarida madogo ya vyuo na vyama vya kitaaluma yaliyotoka miaka michache yakafa, ambayo hakuna kampuni itakayoona faida kuyaskani. Yote hayo pamoja hayajazi chumba kimoja cha darasa.

Ndugu mtunza kumbukumbu, muhuri na daftari la mali nimevichukua kama ulivyovisema. Ninaongeza kwamba juzuu likaguliwe ukurasa kwa ukurasa kabla ya kupigwa muhuri, maana nakala ambayo hakuna aliyeifungua inaweza kuwa jalada tupu la mchwa, na wengine watakuwa wameondoa zao kwa kuitegemea hiyo. Maktaba za vyuo vikuu na za utafiti nchini tayari zina umoja wao, COTUL, unaoshirikiana katika kulipia majarida ya mtandaoni. Walioweza kununua pamoja wanaweza kuandika orodha pamoja, na kuandika orodha hakuhitaji jengo.

Mhadhiri, Kigoma

Dada, ukipunguza mzigo hadi chumba kimoja unaniacha na hoja chache, nami nakubali kwamba majarida ya Afrika Mashariki yana hali tofauti na mengine. Suala la kilichochapwa Nairobi sikuwa nimelipa uzito unaostahili.

Ninapobaki na msimamo wangu ni kwenye fedha. Kukagua ukurasa kwa ukurasa ni kazi ya mtu kwa miezi, na mtu huyo analipwa. Kujalidi upya kunalipiwa, dawa ya mchwa inalipiwa kila mwaka, na kifurushi cha basi nacho kinalipiwa. Nisingependa chuo changu kisaini dhamana ya miaka 25 ambayo haimo hata kwenye bajeti ya mwaka huu, kwa sababu hapo tutakuwa tumewadanganya wenzetu watakaotupa nakala zao kwa kututegemea. Kwa maoni yangu dhamana isiyo na kifungu cha fedha ni hatari kuliko kutokuwa na dhamana.

Mleta hoja

Hilo nakubaliana nalo bila masharti, Mwalimu. Basi iwe hivi: hakuna chuo kitakachohesabiwa kuwa na dhamana ya jarida lolote mpaka gharama ya mwaka wa kwanza ionekane kwenye bajeti yake iliyopitishwa, na mpaka hapo wenzake wasiondoe nakala zao za jarida hilo. Tuanze na jarida moja tu la kilimo, Tabora na Kigoma, tulinganishe mapengo yetu juzuu kwa juzuu, tupate gharama halisi ya kulikagua na kulijalidi. Nakala ngapi zibaki huku magharibi mwa nchi, moja au mbili, tutabishana tukiwa na hesabu hiyo mezani. Orodha ya matoleo tuliyonayo sisi naiandaa wiki hii, naomba na wewe uandae ya kwenu.