Mjadala: Programu ya nje ije na maktaba zake, au itumie za mfumo?

Wakuu, naleta hili tulichambue. Maktaba hapa ni mafaili ya msimbo ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja.

Ofisini tulipandisha seva kutoka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) 20.04 hadi 22.04. Kesho yake programu ya mishahara ikagoma kuwaka: inaitafuta libssl.so.1.1, maktaba ya OpenSSL ya kusimba mawasiliano, haipo. Ubuntu 22.04 ina OpenSSL 3, ile ya zamani imeondolewa kabisa. Kijana wetu mmoja akatengeneza kiungo, jina libssl.so.1.1 lielekee kwenye libssl.so.3. Programu ikafungua faili, ikaulizia alama ya toleo la zamani, OPENSSL_1_1_0, ndani, ikaikosa, ikalala tena. Mwishowe tukachukua kifurushi cha libssl cha 20.04, tukakisimika kwa mkono. Mishahara ikatoka.

Msimamo wangu: lawama ni ya muuza programu. Ile namba baada ya .so ni ahadi kwamba maktaba haitavunja programu zilizojengwa juu yake. Ikibadilika, waliojenga juu ya ile ya zamani wajenge upya. Mnaikumbuka Heartbleed, lile tundu la usalama ndani ya OpenSSL, Aprili 2014? Aliyetegemea OpenSSL ya mfumo alisasisha kifurushi, akawasha upya huduma zake, akabaki na kazi ya kubadili vyeti na nywila. Kila programu ingekuwa na nakala yake, ungezisaka moja moja, kama watu walivyohangaika na tundu la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu, Desemba 2021.

Mnasemaje?

— Mkuu, nakupinga. Wafanyakazi hawawezi kusubiri muuzaji ajenge upya ndipo walipwe. Snap, Flatpak na kontena (njia za kufungasha programu pamoja na maktaba zake) zimeletwa kwa sababu hiyo hiyo: kila programu na chungu chake.

— Na bando analipa nani? Flatpak ya kwanza tu inaweza kuvuta mamia ya megabaiti ya maktaba za msingi kabla hujaiona programu yenyewe.

— Mleta mada, hiyo libssl mliyosimika kwa mkono bado ipo? OpenSSL walifunga huduma ya bure kwa 1.1.1 tarehe 11 Septemba 2023. Huko 22.04 hakuna anayekuletea viraka vyake. Unawasema wenye vyungu vyao, na wewe umeficha kimoja uvunguni.

— Ipo, hapo umenishika. Nimeangalia kwa lsof, amri inayoonyesha programu gani imefungua faili gani, anayeitumia ni huyo wa mishahara peke yake, nami nimemfungia asitoke nje ya mtandao wa ofisi. Ila swali nalirudisha: muuzaji angejenga upya, mimi ningekwenda kuokota libssl ya zamani ya nini?