Mjane wa Ujiji, mgane wa Mwanga, watoto saba: kipi kitangulie kabla ya nikaha?

Mpwa_wa_Kibirizi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za Kigoma.

Naleta jambo la watu wawili wa karibu, wote Waislamu. Bibi yuko Ujiji. Mumewe alifariki mwaka na nusu uliopita, eda imeshakwisha zamani. Ana mabinti wawili, miaka 14 na 9, na wa kiume wa miaka 4. Wanaishi nyumba ya marehemu yenye vyumba sita, vitatu vimepangishwa. Mama mzazi wa marehemu yu hai, baba yake hayupo. Mirathi haijafunguliwa.

Bwana yuko Mwanga, hapahapa Kigoma, nyumba yake ina vyumba vinne na kimoja cha uani. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wanne: wa kiume miaka 17 (kidato cha nne) na 10, mabinti 13 na 6.

Mshenga ameshakwenda, mahari imekubaliwa. Tatizo, ndugu wa marehemu wa Ujiji wanasema: "Ukiolewa, nyumba na watoto ni vyetu." Wengine wanataka arithiwe na shemeji yake.

Naomba hatua. "Mungu atawaongoza" hilo tunalo tayari.

---

Karani_Mstaafu

Mpwa, nikaha isubiri kidogo, mirathi itangulie. Ugomvi mwingi unaoitwa "watoto hawampendi mama wa kambo" ukichimba chini utakuta ni kodi ya vyumba au kiwanja ambacho hakikugawanywa.

Hilo la kurithiwa liondoe mezani leo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanaume aliyemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Kwa Waislamu inaongeza sharti moja tu, eda iishe. Imeisha.

La watoto: Sheria ya Mtoto ya 2009 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vyema awe na mama yake, mpaka athibitishe vinginevyo anayepinga. Huyo wa miaka 4 yumo humo. Kwa hao wawili wakubwa mahakama huangalia maslahi ya mtoto na humsikiliza mtoto mwenyewe. Ndugu wa baba wana haki ya kuwaona, hawana haki ya kuwachukua kwa sababu tu mama ameolewa.

Sasa mirathi. Bibi aende Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, akiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza msimamizi. Ukoo ukigoma kukaa, asirudi nyumbani kulia. Muhtasari unarahisisha mambo, lakini kukosekana kwake hakufungi mlango. Aeleze mahakamani kwamba aliwaita wakakataa, na aonyeshe barua za wito. Anajaza Fomu Na. 1, tangazo linabandikwa, wenye pingamizi wanasikilizwa, kisha msimamizi anateuliwa. Mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi, na kuolewa baadaye hakumvui.

Watu wengi hukwama hapa: wakishapata barua ya uteuzi hufurahi na kuifungia kabatini. Kazi ndiyo inaanza. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa msimamizi anapaswa kupeleka Fomu Na. 5, orodha kamili ya mali na madeni. Baadaye Fomu Na. 6, hesabu ya alichokusanya na alichogawa. Bila Fomu 6 mirathi inabaki wazi, na mirathi iliyo wazi ndiyo shemeji anayoingilia miaka saba baadaye.

Kodi ya vile vyumba vitatu ni mali ya warithi tangu siku ya kifo. Anunue kauntabuku, aandike kila mwezi: chumba, jina la mpangaji, kiasi, kilichotumika kwa ukarabati, na risiti ibandikwe hapohapo. Fungu la watoto liingie akaunti ya benki ya watoto, lisipite kwenye mfuko wa nyumba mpya hata kwa mkopo wa siku mbili.

Na mume mpya asihamie nyumba ya Ujiji. Hata kama ni kubwa kuliko yake, hata kama hana nia mbaya.

---

Bin_Manyema

Karani amemaliza ya mahakamani. Naongeza ya mafungu, maana "nyumba ni yetu" hujibiwa kwa hesabu.

Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kinachobaki ndicho cha warithi. Deni linalosahauliwa sana ni mahari. Kama marehemu hakumaliza mahari ya bibi huyu, analipwa kwanza kama mdai yeyote, halafu ndipo anachukua fungu lake.

Marehemu ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke thumuni (1/8), mama sudusi (1/6), kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la binti. Gawanya mali mafungu 96:

mjane 12
mama wa marehemu 16
mtoto wa kiume 34
kila binti 17

Jumlisheni wenyewe. Kaka na dada wa marehemu hawamo, mtoto wa kiume amewazuia. Bibi mzaa baba ana haki yake kamili na asifichwe. Mara nyingi akipewa 16 zake kwa heshima, ndiye anayewanyamazisha wanawe. Thumuni ya mjane ilithibiti siku mume alipokufa, haifutwi na nikaha mpya.

Upande wa pili, watoto wa kambo hawarithi. Bwana wa Mwanga akifariki, hawa watatu wa Ujiji hawapati kitu kwake hata kama amewalea miaka ishirini. Akitaka wapate, aandike wasia ndani ya theluthi, au awape zawadi akiwa hai na awakabidhi kweli. Bibi naye kwa wale wanne, vivyo hivyo.

Kuhusu umahramu (nani hawezi kuoana na nani) watu huchanganya. Ndoa ikishaingiliwa, mabinti wa mke ni maharimu wa mume, na wana wa mume ni maharimu wa mke tangu nikaha inapofungwa. Lakini watoto wa pande mbili baina yao si maharimu. Kijana wa miaka 17 na binti wa miaka 14 ni ajnabi kwa ajnabi, kuwaita kaka na dada hakubadilishi hukumu. Vyumba vipangwe kwa kulijua hilo.

---

Mama_Mawese

Nashukuru ustadh umelitaja, maana wazee huona haya. Naanzia hapohapo.

Chumba cha uani apewe kijana wa miaka 17. Mabinti wote wanne chumba kimoja, kile kikubwa, vitanda viwili vya dabodeka, komeo la ndani. Wa miaka 10 na wa miaka 4 chumba kingine. Wazazi cha tatu. Cha nne kibaki sebule, msikipangishe mwaka wa kwanza hata mkibanwa, maana mtoto aliyenuna anahitaji pa kwenda kukaa pasipo kitanda cha mtu. Bafu liwe na zamu za asubuhi, mabinti watangulie, na mlango uwe mlango, si pazia. Binti akisema jambo lolote kuhusu mwili wake asikilizwe kabla ya kuulizwa alikuwa amevaa nini. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, iandikwe ukutani kila mtoto aione.

Mabinti msiwachanganye kwa siku moja. Wakutane kwanza nje ya nyumba zote mbili, ufukweni inatosha, saa mbili tu, kisha kila mtu kwao. Mara tatu au nne hivyo. Halafu kutwa nzima Mwanga, bila kulala. Kuhama kufanyike Desemba, huyo kijana akishamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa 11. Mkimhamishia watu wanne ndani ya nyumba katikati ya mtihani, akifeli sababu itakuwa mama wa kambo mpaka kiama. Watoto wa Ujiji wasibadilishwe shule muhula huohuo. Nyumba mpya, baba mpya na shule mpya kwa mwezi mmoja ni mzigo mkubwa mno. Daladala za Ujiji zipo, wapande mpaka Juni.

Majina: msiwalazimishe "mama" wala "baba". Mama mdogo na baba mdogo yanatosha, ni ya heshima, na hayamfukuzi aliyekufa. Wa miaka 4 atasema "baba" mwenyewe ndani ya wiki, na dada yake wa miaka 14 atamfinya kwa hilo. Msimgombeze binti, mwambieni baba yake hajafutwa, na mpelekeni kaburini siku akitaka.

Adhabu: mwaka wa kwanza kila mzazi aadhibu wa kwake. Wa kambo ana haki ya kusimamia sheria za nyumba tu (kurudi kabla ya magharibi, kuosha vyombo, simu mezani wakati wa kula), na sheria hizo zitangazwe na wazazi wote wawili wakiwa wamekaa pamoja. Fimbo ya baba wa kambo hata ikiwa ya haki husimuliwa Ujiji kabla ya jua kuzama.

Chakula ndipo penye vita, nisikilizeni. Watu tisa wa umri huo wanataka kama kilo 2 za unga kwa mlo. Ugali mara moja kwa siku ni kilo 60 kwa mwezi, karibu madebe matatu. Nunueni mapema, mkipima kila siku dukani mtapunjika na ndipo mtoto husikia "mmezidi". Sinia zigawanywe kwa umri, si kwa mama. Mwezi wa kwanza pikeni dagaa zaidi kuliko migebuka, kwa sababu dagaa hupakuliwa kwa upawa na hakuna kichwa wala mkia wa kugombea. Siku ya mgebuka, vipande vikatwe sawa na apakue mtu mmoja kila siku. Mama akimpakulia mwanawe wa miaka 4 kipande cha tumbo, wale wa Mwanga wameona. Wanahesabu.

Wazazi wenyewe wapime VVU pamoja na warudie baada ya miezi 3. Kama wanatarajia kuzaa, wapime na sikoseli, ni kipimo cha damu tu.

---

Mwanga_Sokoni

Mama Mawese naheshimu, ila mimi naona wapange nyumba mpya kabisa. Kuingia kwenye nyumba ya marehemu mke ni kuolewa na kivuli.

Mama_Mawese

Mkuu, ni vizuri pesa ikiwepo. Kodi ya nyumba ya watu tisa Mwanga si mchezo, na wale wanne waliopoteza mama wakipoteza na nyumba watasema wamefukuzwa na mgeni. Badilisheni chumba cha kulala: wazazi wahamie chumba kingine, godoro jipya, rangi mpya ukutani. Picha ya marehemu isichomwe wala isifichwe, iende chumba cha mabinti.

Karani_Mstaafu

Nilisahau makaratasi ya ndoa yenyewe. Tangazo la kusudio la ndoa hutolewa kwa msajili siku 21 kabla, na kila mmoja ataje kwamba alifiwa na aambatishe cheti cha kifo cha mwenzi wake. Cha mke wa Mwanga kipo? Wengi huzika mke bila kuchukua cheti. Kama hakipo, waanze na barua ya mtendaji wa mtaa kwenda kwa msajili wa wilaya.

Wakristo wanaosoma hapa: Kanisa Katoliki nalo hudai cheti hicho, pamoja na cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, na matangazo ya Jumapili tatu.

Bwana akiwa mtumishi mwenye kadi ya NHIF (bima ya afya), kadi ile hubeba mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Wanne wake wameshajaza nafasi. Watatu wa Ujiji watafutiwe bima mapema kwa njia nyingine, isije ikagundulika dirishani mtoto akiwa na homa.

---

Mpwa_wa_Kibirizi

Ahsanteni sana wakubwa. Cheti cha kifo cha mke wa Mwanga hakipo, mmenikamata. Na kuna jambo moja. Ameacha cherehani, vitenge sanduku zima na kiwanja kidogo Mwandiga. Bwana anataka cherehani ampe bibi mpya, ambaye ni fundi. Binti wa miaka 13 ameshaanza kununa. Mama wa marehemu bado yupo, baba yake hayupo.

Bin_Manyema

Hiyo ndiyo mirathi ya pili ambayo hakuna aliyeitaja. Watu hufungua ya mwanaume, ya mwanamke wanadhani ni vyombo tu. Cherehani, vitenge na kiwanja ni vya warithi wake. Mume robo (1/4), mama sudusi, baki kwa watoto. Mafungu 72: mume 18, mama yake 12, kila mtoto wa kiume 14, kila binti 7.

Kwa hiyo bwana hawezi kugawa cherehani nzima, anayo robo yake tu. Na aulizwe kwa upole: mahari ya marehemu aliimaliza? Kama hakumaliza, kilichobaki ni deni lake kwa warithi hao, aliongeze kwenye mali kabla ya kugawa.

Cherehani haikatwi vipande. Ithaminiwe na fundi wa sokoni mbele ya mama wa marehemu, na aliye tayari kuichukua afidie wenzake. Mimi ningemwekea binti kwenye fungu lake, na tofauti baba alipie. Bibi mpya anunuliwe yake.

Mama_Mawese

Na bibi mpya amfundishe binti kuishonea. Vitenge vya mama yake vishonwe na mabinti wenyewe, bibi asivae hata kimoja.

Mpwa_wa_Kibirizi

Nimeelewa. Jumatatu naenda kwa mtendaji na bwana kuulizia barua ya cheti.

Karani_Mstaafu

Nendeni na kitambulisho chake cha NIDA, mashahidi wawili waliohudhuria mazishi, na kama alifia hospitali, muombe karatasi ya huko kwanza. Asubuhi na mapema, mchana mtendaji huwa kwenye vikao.