Kiapo cha uraia wa Uingereza kinamtaja Mfalme, nami nataka ufalme ufutwe. Niape?

NesiWaNyeri:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Uingereza na mliopitia hili.

Mimi ni Mkenya, muuguzi, naishi Leeds na mume wangu na watoto. Ombi langu la uraia limekubaliwa na barua ya hafla ya kuapishwa imefika. Nina miezi mitatu ya kuhudhuria. Kilichobaki ni kusimama ukumbini nitamke kwamba nitakuwa mwaminifu na mtiifu wa kweli kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake, kwa mujibu wa sheria. Hapo ndipo roho inagoma.

Siamini mtu awe mkuu wa nchi kwa sababu ya tumbo alimotoka. Na kwetu Nyeri jambo hili lina uzito wake. Elizabeth, mama yake Charles, alikuwa Treetops, hoteli iliyo msituni kwetu, baba yake alipofariki Februari 1952 naye akawa malkia. Oktoba mwaka huohuo Hali ya Hatari ikatangazwa Kenya kupambana na Mau Mau, serikali ya kikoloni ikitawala kwa jina lake. Babu mzaa baba alikaa kizuizini miaka mingi bila kufikishwa mahakamani. Charles alipozuru Kenya 2023 alisema ukatili ule hauna kisingizio na akaeleza majuto, ila kuomba msamaha rasmi hakuomba.

Mume wangu anasema nitamke yaishe. Mimi sikulelewa hivyo; kwetu kiapo kina uzito. Je, kuapa nikiwa na msimamo huu ni uongo? Na nikishakuwa raia, naweza kuandamana na wanaodai jamhuri?

MvitaBirmingham:
Hongera kwanza dada, safari ya makaratasi ile si ndogo.

Mimi nilishapita. Kuna namna mbili: kuapa kwa jina la Mungu, au kutoa tamko la dhati bila kumtaja Mungu. Unachagua mwenyewe, na hakuna atakayekuuliza sababu. Jina la Mfalme lipo kote kuwili, hilo halikwepeki. Baada yake kuna ahadi ya pili, ya kuheshimu haki na uhuru wa nchi, kulinda demokrasia na kutii sheria. Mimi ile ya pili niliitamka kwa moyo wote.

Sheria_na_Haki:
Dada, swali lako limewahi kufika mahakamani, ila Kanada, ambako kiapo cha uraia nacho humtaja Mfalme. Wakazi watatu wa kudumu walipinga kwamba kinawalazimisha kusema wasichokiamini. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliamua kwamba anayetajwa pale si mtu binafsi, ni mfumo wa serikali ya kikatiba, na kwamba mtu akishaapa yu huru kupinga ufalme hadharani. Mmoja wao, profesa wa hisabati Toronto, aliapa 2015 na palepale akatangaza kuikana sehemu ya kiapo inayomhusu Malkia. Uraia wake ulibaki.

Huko Uingereza uamuzi huo hauwafungi majaji, lakini mambo yanaendeshwa kwa namna hiyohiyo. Wabunge wanaotaka jamhuri huapa kila bunge jipya. Tony Benn, mbunge wa zamani wa chama cha Labour, alisema wazi kabla ya kuapa kwamba yeye ni mtu wa jamhuri na anaapa kwa kupinga. Wa Sinn Féin, chama cha Ireland Kaskazini kinachotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, wao hukataa kabisa, na viti vyao hukaa vitupu. Njia zote mbili ni za watu wenye msimamo.

Kuandamana unaruhusiwa. Ile sheria ya 1848 iliyotishia adhabu kali kwa wanaotaka kumwondoa mfalme ilifikishwa kwa majaji wa juu kabisa 2003, nao wakaiona masalio ya zamani yasiyoweza kumgusa mtu anayedai jamhuri kwa amani.

Mzalendo254:
Mimi nasema usiape. Muuguzi mwenye ukaazi wa kudumu anakosa nini? Hata kura unayo tayari! Mkenya ni raia wa Jumuiya ya Madola, akiishi huko kihalali anajiandikisha na kupiga kura hadi ya ubunge. Babu yako aliteswa kwa kushukiwa kiapo cha Mau Mau, wewe leo uende kuapa kwa ukoo uleule kwa ajili ya pasipoti?

BintiWaCoventry:
Mzalendo254, kaka, kwa heshima, hayo ni rahisi kuyasema ukiwa Nairobi. Ukaazi wa kudumu unaisha ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo. Akirudi Nyeri kumuuguza mama mgonjwa itakuwaje? Na mmesahau Windrush? Watu waliofika kutoka Karibi wakiwa watoto walinyimwa kazi na matibabu, wengine wakafukuzwa nchini, kwa kukosa tu karatasi ya kuthibitisha haki waliyokuwa nayo. Yalifichuka 2018, si zamani. Dada, wewe ni Mwafrika na sera za uhamiaji hubadilika kila serikali. Chukua uraia.

MzeeWaUnguja:
Binti yangu, niko nchi hii tangu miaka ya themanini, na mimi nauunga mkono ufalme. Nimezaliwa Unguja chini ya Sultani. Wa mwisho, Jamshid, alipinduliwa Januari 1964 akaishia kuishi Portsmouth miaka na miaka. Nimeona kiti kinavyoondolewa kwa damu, kwa hiyo mkuu wa nchi asiye na chama nauona ni hifadhi. Waziri mkuu hapa hung'olewa kwa wiki moja na nchi haitikisiki.

Lakini usidhani uko peke yako ukumbini. Uchunguzi wa maoni wa YouGov kabla ya kutawazwa Charles 2023 ulionyesha asilimia 58 wanataka ufalme ubaki na 26 wanataka mkuu wa kuchaguliwa. Wenye umri zaidi ya miaka 65 ni asilimia 78 waliotaka ubaki. Vijana wa miaka 18 hadi 24 ni 32 tu, na 38 wakataka wa kuchaguliwa. Wajukuu zangu wako huko kwenye 38, tunabishana kila Idi. Wanalalamikia gharama: ruzuku ambayo serikali huipa Kasri ilipanda kutoka pauni milioni 86.3 hadi 132.1 mwaka 2025, sababu kubwa ikiwa matengenezo ya Buckingham, na ulinzi haumo humo.

Wananchi wa kuzaliwa hawaapi na wanapinga watakavyo. Wewe ukiapa unakuwa na haki ileile ya kupinga kama wao.

Historia_Yetu:
Niongeze jambo ambalo wengi hatufundishwi vizuri. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 haikuwa jamhuri. Elizabeth alibaki mkuu wa nchi mwaka mzima, akawakilishwa na gavana mkuu. Waziri mkuu alikuwa Jomo Kenyatta, mfungwa wa Hali ya Hatari! Aliongoza serikali ya Malkia, na tarehe 12 Desemba 1964 ufalme ukaondolewa kwa kubadilisha katiba. Tanganyika ilifanya hivyohivyo 1961 hadi 1962. Barbados ilimwondoa Malkia Novemba 2021 kwa kura za bungeni, na Charles mwenyewe alihudhuria sherehe.

Wote hao waliuondoa ufalme wakiwa ndani ya mfumo wake, kwa sheria zake. Hakuna aliyewaita waongo.

NesiWaNyeri:
Nimesoma yote, asanteni sana. Mzee wangu wa Unguja, shikamoo, nimekuelewa ingawa hatukubaliani. Hilo la Kenyatta limenigusa kuliko yote. Nitatoa tamko la dhati, bila jina la Mungu, na nitatii sheria kama ninavyoitii sasa. Halafu nitajiunga na wanaodai jamhuri, waziwazi, kwa jina langu.

Mzalendo254, nimekusikia pia. Babu angesema kama wewe.

Swali la mwisho: kuna maandamano mwezi huu, kabla ya tarehe yangu. Niende?

Sheria_na_Haki:
Subiri upate cheti. Sharti la mwenendo mwema linaendelea hadi siku ya hafla, na kukamatwa tu kunaweza kukwamisha kila kitu hata kama huna kosa. Siku ya kutawazwa, tarehe 6 Mei 2023, kiongozi wa Republic, kundi linalodai jamhuri, Graham Smith, alikamatwa hata kabla maandamano hayajaanza, akashikiliwa saa nyingi, akaachiwa bila shitaka. Yeye alirudi nyumbani akiwa raia. Ipigie simu halmashauri yako, omba tarehe ya karibu zaidi.